Somo la Wageni

Tarehe 6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Na lile goti lako? Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikipiga uko darasani, ukipiga niko kikaoni, na tukibahatika kupatana unanikatiza kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Barua haikatizwi.

Habari ni kubwa. Tume ya Mageuzi ya Elimu, ambayo mimi ni katibu msaidizi wake, imekamilisha rasimu ya Mpango wa Muhula Mmoja. Mtoto wa darasa la kwanza atajua kusoma ndani ya muhula wa kwanza, na kuanzia muhula wa pili masomo yote atasoma kitabuni. Walimu watapewa mwongozo unaosema nini kifanyike kila kipindi, ili shule zote ziende pamoja.

Najua umeshakunja uso. Sikiliza kwanza. Shule chache zinajaribu mpango huu tangu muhula ulipoanza, na yenu ni mojawapo. Mwisho wa mwezi tutakuja kuona: Mwenyekiti, wajumbe wawili na mimi. Na nimepigania jambo moja mpaka sauti ikanikauka: kiti kimoja cha mwalimu ndani ya Tume. Mwalimu wa chaki, si profesa. Wamekubali.

Sisi tunataka kuona hali halisi tu. Lakini dada, usije ukaniaibisha, ha ha! Mwenyekiti ni mtu mkali.

Mdogo wako


Tarehe 13 Februari

Bwana Mdogo,

Marahaba. Goti lipo, linapiga kelele kuliko watoto.

Mnataka hali halisi? Basi msingetangaza siku. Toka barua ya ziara ifike, Mkuu wa shule hakaliki. Ukuta wa mbele umepakwa chokaa, wa nyuma umeachwa kwa sababu wageni hawaendi nyuma. Bomba lililokauka tangu mwaka juzi limefungwa utepe kama bibi harusi.

Hujakaa darasani siku nyingi, kwa hiyo nikukumbushe. Nina watoto sabini na mmoja. Wanakaa wanne dawati la wawili. Wapo waliokuja wanajua kushika penseli, na wapo ambao penseli ya kwanza maishani wameishika kwangu mwezi uliopita. Hao wa mwisho, huo mwongozo wenu unawapita kama gari la harusi, wanabaki kupunga mkono. Wakubwa wa darasa la tano wananiita Mwalimu Kobe wakidhani sisikii. Ni kweli naenda polepole. Mtoto akikwama kwenye herufi nakaa naye hapo mpaka atoke. Mwongozo unasema nisikae.

Na lipo jambo jingine ambalo walimu hatuwaambii wakubwa. Akija mgeni hafundishiwi somo la siku hiyo. Anafundishiwa somo la wageni, lililokwisha kufundishwa na kurudiwa mpaka watoto wanaliota. Kila mwalimu analijua. Nililikuta nilipoanza kazi, na nitaliacha. Sasa Mkuu ameniagiza nilipike moja la kwenu.

Sitaki. Nimemwambia nitafikiri. Mkifika, nitengee nusu saa, mimi na wewe, bila Mkuu. Nitakueleza yote kwa mdomo wangu. Nusu saa tu.

Dada yako


Tarehe 2 Machi

Dada yangu, dada yangu!

Niseme nini? Nilikuwa nimekaa pale nyuma, magoti yamenifika kidevuni kwa vile vidawati vyenu. Nikajisemea, leo Kobe ataniumbua. Kumbe wewe ndiye umetuumbua wote! Watoto wanasoma kama maji. Yule binti wa mstari wa mbele aliposimama akasoma aya nzima bila kukwama, Mwenyekiti alitoa leso. Namjua miaka mitatu, sijawahi kumwona akitoa leso isipokuwa kwa mafua.

Na darasa lina nafasi nzuri, kinyume na ulivyonitisha. Hata michezo mnaijali. Niliwaona kupitia dirishani watoto wakizunguka uwanja na mwalimu wao, nikamwonyesha Mwenyekiti, akaandika.

Nisamehe ile nusu saa. Gari lilikuwa linangoja na Mkuu wenu hakutuacha hata dakika. Nilikuona umesimama mlangoni unatazama chaki mkononi, nikadhani umechoka. Ulikuwa unataka kusema nini? Kama ni shaka zako za zamani, nadhani umejijibu mwenyewe.

Taarifa nimeiandika jana na imepokelewa. Darasa lako ndilo mfano mkuu. Na kile kiti cha mwalimu, nimependekeza jina lako. Nilitangaza kikaoni kwamba wewe ni dada yangu, nisije nikaonekana nakula njama. Mwenyekiti akacheka, akasema basi akili ni ya ukoo. Tarehe 4 Aprili utahutubia kikao kikubwa, Tume yote na wageni wa serikali. Siku hiyo Mpango unapitishwa.

Mdogo wako anayejivuna


Tarehe 9 Machi

Bwana Mdogo,

Kaa chini kabla hujasoma.

Wale uliowaona uwanjani ni wa kwangu. Watoto ishirini na watatu. Mkuu alipita mapema na mwalimu wa michezo, akawaita mmoja mmoja, wale wote ambao bado wanahangaika na herufi. Akawaambia leo mna bahati, mnakwenda kucheza. Wakashangilia. Walizunguka ule uwanja juani mpaka gari lenu lilipotoka getini, na mmoja alitapika.

Ndiyo maana darasa lilikuwa na nafasi nzuri.

Waliobaki tulirudia ile aya siku tatu. Yule binti aliyemtoa Mwenyekiti machozi, mlipoondoka nilimfungulia ukurasa mwingine nikamwambia asome. Akasoma aya ile ile, neno kwa neno, huku kidole kikipita chini ya maneno mengine kabisa. Kisha akaniangalia nimsifu.

Utaniuliza kwa nini nilikubali. Mkuu alinijia ofisini akasema, "Mwalimu, funika kombe mwanaharamu apite. Wakiondoka utafundisha utakavyo." Ningeweza kumkatalia. Nimewahi kumkatalia mengi. Lakini nilikuwa na barua yako mkobani, na humo umeandika nisije nikakuaibisha. Uliandika ukicheka. Mimi nilisoma bila kucheka. Nikakuona umekaa na wakubwa wako, mimi dada yako nimesimama na watoto wanaosema "ba" kwenye "da", na nikashindwa. Nilipanga kukueleza kwenye ile nusu saa. Nusu saa haikuja.

Sasa unaniambia Mpango utapita kwa mfano wa darasa langu. Ukipita, muhula wa pili wale ishirini na watatu watapewa vitabu vya sayansi na hesabu wasivyoweza kuvisoma, na mwongozo hautaniruhusu kurudi nyuma kuwachukua. Na si wa kwangu tu, ni wa kila shule. Usione vyaelea, mdogo wangu, vimeundwa. Rekebisha taarifa yako upesi, kabla ya tarehe 4.

Dada yako


Tarehe 16 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma chooni ofisini, mlango nimeufunga. Halafu nikaisoma tena.

Taarifa haiwezi kurekebishwa. Imepigwa chapa, imegawiwa, na Mwenyekiti ameinukuu mbele ya Waziri. Yeye mwenyewe amesema hadharani, "Nimeona kwa macho yangu." Unataka mimi niende nikamwambie macho yake yalidanganywa na dada yangu? Ukisema neno hili mimi nimekwisha. Watasema tulipanga wawili, ndugu kwa ndugu. Na si mimi tu. Kile kiti cha mwalimu kitafutwa palepale. Watasema tazameni, tuliwapa walimu nafasi ya kutuonyesha ukweli wakatufanyia maigizo, sasa wasikilizwe kwa lipi?

Fikiri kwa utaratibu. Kubali kiti. Ingia ndani. Ukishakuwa ndani tutarekebisha kidogo kidogo, kipengele kwa kipengele. Najua unavyochukia mambo ya kidogo kidogo yanapofanywa ofisini, ingawa darasani ndiyo dini yako.

Naambatisha hotuba. Nimeiandika mimi kwa jina lako. Inashukuru, inaunga mkono, inaomba walimu wapate vitendea kazi. Haina uongo mkubwa. Isome kama ilivyo, usiongeze, usipunguze. Nakuomba kwa jina la mama.

Mdogo wako


Tarehe 24 Machi

Bwana Mdogo,

Hotuba nimeipata. Imeandikwa vizuri, hukupoteza mwandiko wala maneno matamu. Nimeanza kuikariri.

Usiwe na wasiwasi. Nitaisoma yote, neno kwa neno, mpaka nukta ya mwisho. Na jina la mama usilitumie tena kwa kazi za ofisi.

Dada yako


Tarehe 6 Aprili

Dada,

Hukunipokea simu. Nimepita kwako, jirani akasema hujatoka darasani. Basi nakuandikia.

Ulisoma kama ulivyoahidi. Sikuwahi kusikia maneno yangu yakisomwa vizuri vile. Ukumbi ulipiga makofi, Mwenyekiti akasimama kukupa mkono, nami nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu barua yako ya Machi. Na wewe hukuondoka pale mbele.

"Waheshimiwa," ukasema, "asanteni kwa makofi. Hotuba hii si yangu. Niliandikiwa, nikaikariri, na nimeisoma bila kujikwaa. Hivi ndivyo somo la wageni linavyokuwa. Na mlilolikuta darasani kwangu lilikuwa hivi hivi. Watoto ishirini na watatu walikuwa uwanjani. Mliwaona kupitia dirishani, mkaandika kwamba tunajali michezo. Sasa niulizeni kitu ambacho hakimo kwenye karatasi."

Mjumbe mmoja akakuuliza kwa nini walimu mnadanganya. Ukamjibu, "Kwa sababu mkija mnakuja kuona, hamji kuuliza. Tungeulizwa kabla Mpango haujaandikwa, tungewaambia bure." Kila mtu akainama kwenye makabrasha yake.

Halafu Mwenyekiti akauliza lile swali. Je, afisa wetu, ambaye ni ndugu yako, alijua? Ukanitazama. Ukasema, "Hapana. Alidanganyika kama ninyi."

Nilikuwa na bilauri ya maji mkononi, nikanywa. Ndiyo yote niliyofanya, nilikunywa maji.

Nimekasirika nawe, dada. Umeumwaga mtama kwenye kuku wengi, na hukunionya. Na umenikinga, jambo ambalo linanikasirisha zaidi. Kikao kimeahirishwa. Wewe umeitwa Kamati ya Nidhamu tarehe 20 kwa kuwadanganya maofisa wa serikali, na mimi nimeitwa kuwa shahidi. Wataniuliza tena: nilijua, sikujua? Tuseme neno moja. Niambie ni lipi.

Mdogo wako


Tarehe 11 Aprili

Bwana Mdogo,

Neno ni lile nililokwisha kulisema. Hukujua. Na kama unaweza kuugua siku hiyo, ugua, usije kabisa.

Nilikusudia kukukinga, kwa hiyo usijitie huzuni ya bure. Mimi ndiye niliyefundisha lile somo, si wewe. Nikipewa adhabu nitaibeba, nina mgongo. Wewe ukitolewa ndani ya Tume nani atabaki anayejua hata rangi ya chaki? Nimekaa nawe tangu ukiwa mdogo wa kubebwa, sitaki kukuzika kazini kwa mkono wangu. Kaa kimya. Safari hii mimi ndiye ninayekuambia.

Hapa shuleni mambo yamechafuka. Mkuu hanisalimii. Lakini katika chumba cha walimu, wenzangu wamekuwa wakinijia mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kununua dawa ya aibu. Mmoja ananiambia alimweka mtoto wa darasa la nne kati ya wa darasa la pili mkaguzi alipokuja. Mwingine anacheka, kisha hacheki tena. Nimewaambia mkitaka kusikilizwa semeni mchana kweupe. Wakaniambia, "Wewe umesema, umepata nini?"

Na jana alikuja mzazi, seremala, mikono bado ina vumbi la mbao. Akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu alirudi nyumbani siku ile anafurahi, anasema alichaguliwa kwenda kucheza. Kumbe alitolewa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usimwambie." Akaondoka. Usiku kucha sikulala, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kuitwa na Kamati.

Usije tarehe 20.

Dada yako


Tarehe 22 Aprili

Bwana Mdogo,

Mpumbavu wewe! Mpumbavu mkubwa! Nilikuambia nini? Nilikuambia usije!

Mara tatu waliniuliza kama nilimweleza mtu yeyote wa Tume kabla ya kikao. Mara tatu nikakana, kwa utulivu, mpaka mwanamke aliyeongoza Kamati akawa anafunga faili. Ilikuwa imekwisha. Ndipo mlango ukafunguka, ukaingia wewe na lile koti lako la mikutano, hukungoja hata kuitwa.

"Aliniambia," ukasema. "Aliniambia mapema, nikamwambia anyamaze. Na ile hotuba niliiandika mimi."

Mwenyekiti wa Tume, aliyekuwa amealikwa, akakuuliza mbona unajichongea wakati dada yako amekwisha kukusafisha. Nawe, bila haya: "Kwa sababu anawadanganya kwa ajili yangu, na hajui kudanganya. Tangu tukiwa wadogo akisema uongo hujikuna sikio. Mtazameni." Wote wakanitazama sikio! Na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa palepale.

Ulipotolewa nje hukuyaona yaliyofuata, kwa hiyo nikueleze. Mkuu wangu alikuwa ameitwa kutoa ushahidi juu yangu. Akavua miwani akaipangusa kwa tai. Akasema, "Aliyewatoa watoto ni mimi. Niliagizwa hivyohivyo nilipokuwa mwalimu mpya, na aliyeniagiza naye aliagizwa. Wageni wote niliowapokea maisha yangu, hakuna aliyewahi kuniuliza madawati yaliyobaki wazi ni ya nani." Mwenyekiti akatazama meza. Nadhani alikuwa anakumbuka lile dirisha.

Jioni ileile Kamati, pamoja na Mwenyekiti wa Tume, ilisoma uamuzi. Mpango wa Muhula Mmoja umesimamishwa. Shule zote za majaribio zitatazamwa upya, siku isiyotangazwa, watoto wote wakiwa ndani. Tume itakuwa na viti vitatu vya walimu, wenye kura, na watachaguliwa na walimu wenyewe. Vitatu! Nilitaka kupiga vigelegele mule ndani. Kisha yule mwanamke akageuza karatasi, akasoma upande wa pili. Mimi na Mkuu tumepewa onyo kali, na mwenye onyo haruhusiwi kugombea. Walimu watazungumza, ila mimi nitazungumzia darasani kwangu. Na wewe umeondolewa Tume kuanzia siku hiyo.

Nilitoka nikakutafuta. Karani wa mlangoni akaniambia ulishuka ngazi bila kumngoja mtu. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini nikacheka, halafu nikalia, watu wanapita wananiona, sikujali.

Nimekukasirikia. Nilikuwa nimekufunika kwa mikono yote miwili, ukaibandua mbele za watu. Lakini uliposema "nikamwambia anyamaze", kwa sauti ile, nilikuonea fahari mpaka nikaona haya. Sijui mama angesema nini. Labda angetupiga sote wawili.

Njoo Jumamosi. Nitakugombeza mpaka jirani asikie, kisha tutakula, na utalala chumba cha mbele. Jumatatu usiondoke. Huna ofisi ya kuwahi, na mimi nahitaji mtu wa kunishikia kundi la nyuma wakati nikiwa na hawa wa mbele. Ni ishirini na watatu. Mwongozo hakuna. Utawakuta kwenye "ba".

Dada yako